"Usifikiri, igiza tu" ni ushauri unaoua waigizaji

Kuna amri inayosikika sana mazoezini, nami kila nikiisikia naudhika: "Acha kufikiri, igiza tu!" Mwigizaji anayeanza anatii. Anaiweka akili pembeni, na jukwaani unabaki mdomo unaotoa maneno na mikono isiyojua iende wapi. Kisha tunasema hana kipaji. Kipaji anacho. Hakuna aliyemfundisha kuichunguza akili yake inavyofanya kazi.

Tuanze na mazungumzo ya kawaida. Utafiti wa lugha kumi uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kati ya mtu kumaliza swali na mwenzake kujibu hupita wastani wa milisekunde 200 hivi. Lakini kutaja tu kitu kilicho kwenye picha huichukua akili kama milisekunde 600. Kwa hiyo jibu huanza kuandaliwa wakati mwenzako bado anasema. Sasa mtazame mwigizaji aliyekariri: anaukodolea macho mdomo wa mwenzake, anangoja neno la mwisho, ndipo anavuta pumzi, ndipo anajibu. Tuseme kachelewa nusu sekunde. Kwenye tukio lenye zamu 60 za kujibu, hiyo ni nusu dakika iliyokufa. Mwongozaji anadai kasi, waigizaji wanayakimbiza maneno, na mambo yanazidi kuharibika, kwa sababu kasoro ilikuwa kwenye kuwaza.

Dawa yake inahitaji penseli. Acha mistari yako kwanza, shika ya mwenzako. Tafuta neno ambalo likishatamkwa, wewe tayari umejua anakoelekea. Mwenzako anasema: "Sikuja kugombana, nimekuja kuchukua vitu vya mama kabla hujaviuza." Wewe unajibu: "Vitu gani?" Jibu hilo ni uongo, na uongo huo haukuzaliwa kwenye "hujaviuza". Ulianza kwenye "mama". Pigia mstari "mama", na pembeni andika wazo lako kwa nafsi ya kwanza, lisizidi maneno sita: "Kajuaje? Nani kamwambia?" Kisha mwenzako asome polepole, nawe gusa goti pale wazo linapokuja. Mkirudia, acha goti, vuta pumzi papo hapo. Sekunde iliyobaki unaitumia kuficha, na macho yataificha yenyewe bila kuelekezwa. Usiandike wazo kwa kila neno, lakini. Ukijaza ukurasa mzima utaigiza maandishi ya pembeni badala ya kumsikiliza mwenzako. Mawazo mawili au matatu kwa ukurasa yanatosha.

Nakubali, japo kwa shingo upande, kwamba wanaosema "usifikiri" wameona tatizo la kweli. Mwigizaji anayejikagua katikati ya onyesho, sauti yangu ikoje, nimesimama vizuri, huharibu hata alichokwisha kukimudu, kwa maana stadi iliyozoeleka hukwama ukianza kuisimamia hatua kwa hatua. Ila hapo kosa ni la wakati na la mahali umakini ulipoelekezwa. Kujichunguza ni kazi ya mazoezini na ya baada ya onyesho. Taa zikiwaka, umakini wote uende kwa mwenzako: anataka nini sasa hivi, amebadilika wapi.

Kukariri nako kunafuata njia hiyohiyo. Helga na Tony Noice, waliowachunguza waigizaji wa kulipwa kwa miaka mingi, walikuta kwamba hawashiki maneno kwa kuyarudia kama kasuku. Huchimba kwa nini mhusika anayasema, na maneno hufuata. Na usisome mara kumi mfululizo. Soma, funga, jaribu kukumbuka, ndipo ufungue.

Baada ya kila zoezi, tumia dakika tano kuandika akili ilitoroka ukurasa gani, na ilikwenda wapi. Ikitoroka mahali palepale siku tatu, si uzembe. Kuna mstari hapo unaousema bila kujua unataka nini.

Waongozaji nao wabadilishe amri. Mwulize mwigizaji: "Alipotaja mama, ulikuwa unawaza nini?" Akijibu, "Nilikuwa nakumbuka mstari wangu unaofuata," umeshapata pa kuanzia kazi. Rudini kwenye mstari wa mwenzake, mtafute neno.