Deni la Sali Sagevu

Mwaka 1968 babu yangu alitoka nyumbani Ngamiani, Tanga, na shilingi mia mbili za kununulia bati. Jioni akarudi na ganda la kiberiti.

Alikuwa kuli bandarini, enzi zile meli kubwa zikitia nanga nje na marobota ya katani yakipelekwa huko kwa matishari. Akamwambia bibi kuwa amekutana na baharia wa Kimarekani, mtu mwema, kapatwa na shida, naye kamkopesha. Meli ikirudi atalipa. Jina na anwani hivi hapa. Lilikuwa ganda la kile kiberiti cha karatasi. Upande wa juu ulikuwa umechanika, na baadaye mende wakauendeleza, lakini chini pamesomeka vizuri: SAL SAGEV, 1 FREMONT STREET, LAS VEGAS.

Meli haikurudi. Bati lilinunuliwa mwaka uliofuata, kwa pesa za bibi za kuuza maandazi. Babu akaja akafariki, deni halikufariki. Bibi alilitunza lile ganda ndani ya kasha lake, pamoja na hati ya kiwanja na cheti cha ndoa. Siku niliyompigia kumwambia kuwa nimepata kazi ya kuendesha malori Marekani, hakuuliza mshahara.

"Las Vegasi utapita?"

"Huenda, bibi."

"Basi utamwona Sali Sagevu."

Msiniulize kwa nini sikuchungulia kwenye simu nikamjua Sali ni nani. Jina nililisikia tangu sijajua kutembea. Nani anamtafuta mtandaoni mtu aliyekuwa akitajwa nyumbani kwao kila mvua inaponyesha?

Lile ganda likaja kwa mkono wa mtu, ndani ya kikapu cha ukili, pamoja na kofia ya viua na halua kilo mbili. Mdaiwa naye anapelekewa zawadi? Bibi akasema deni la kale halidaiwi kwa kifua. Tena nisipokee hata senti moja ya ziada, riba ni haramu. Nikamwambia shilingi mia mbili za leo hazifiki hata senti kumi za Kimarekani. Akasema yeye hakukopesha leo. Kwa kweli nilipiga hesabu: zama zile dola moja ilikuwa shilingi saba na senti, kwa hiyo Sali alikuwa anadaiwa dola ishirini na nane. Nikaona ni kiasi ambacho mtu mzima anaweza kukitoa bila kuita polisi.

Siku ikafika. Nilishusha mzigo Las Vegas Jumatano jioni, saa zangu za usukani zimekwisha. Sheria ya huko ni saa kumi na moja za kuendesha, kisha saa kumi za kupumzika, upende usipende. Nikaoga pale malori yanapolala, nikavaa kanzu, maana mdai lazima aonekane ana kwao. Nikapakata kikapu, nikaita teksi.

Dereva alikuwa Mhabeshi wa makamo. Mji ule umejaa Wahabeshi kwenye teksi. Kiingereza chake kilikuwa kizuri, ila kwa lugha ya kwao, Kiamhara, kila kitu ni mume au mke, hakuna cha katikati. Kwa hiyo teksi yake ilikuwa "yeye", foleni "yeye", joto "yeye". Hili nimelijua baadaye. Laiti ningelijua mapema.

"Nakwenda nambari 1, Fremont Street," nikamwambia. "Kwa Sal Sagev. Unamfahamu?"

Akanitazama kwenye kioo, uso ukamchangamka.

"Sal Sagev! Siku hizi vijana hawamwiti hivyo. Nani asiyemfahamu?"

Moyo ukatulia. Mtu mashuhuri. "Yu hai?"

"Bado amesimama, ndugu yangu. Imara."

"Alhamdulillahi. Kwani sasa anaitwaje?"

"Golden Gate. Tangu 1974."

Sikulipenda hilo. Mtu anakopa 1968, kufika 1974 kabadilisha jina! Nikauliza kwa upole kama ana kawaida hiyo.

"Si mara ya kwanza," akasema. "Hata Sal Sagev alianza kuitwa 1931. Mwaka ule Nevada walihalalisha kamari upya. Kabla ya hapo, Hotel Nevada." Nikasikia vizuri neno hoteli, nikadhani ananitajia alikokuwa anaishi.

"Kwa hiyo ni mcheza kamari?"

"Huyo? Kamari ndiyo damu yake! Walimkataza mwaka 1910, sheria ilipoanza kazi. Miaka ishirini na moja hakucheza. Waliporuhusu tu, akarudi."

Miaka ishirini na moja! Nikamwonea huruma, hata nikamheshimu kidogo. Wapo watu Tanga hawakumaliza hata Ramadhani moja. Ila hesabu ya umri ilianza kunisumbua, nikaisukuma pembeni.

"Halafu 1955," akaendelea, "wakaja jamaa Waitaliano kutoka San Francisco. Wakachukua sehemu yake yote ya chini."

Nilikishika kikapu kwa nguvu. "Ya chini… mpaka wapi?"

"Chini yote. Juu wakamwacha vilevile."

"Ilikuwa sukari?"

"Sukari?" Akafikiri. "Hapana, kamari. Na kamba. Kuanzia 1959 wakaanza kuuza kamba wa baharini kwenye glasi, na sosi yake, senti hamsini. Watu wakatoka mbali kuja kula kwake. Baadaye dola moja kasoro senti. Mwaka 2017 wameacha. Mimi nililia."

Nikajiona mimi ndani ya teksi, nimebeba halua, naenda kumdai shilingi mia mbili mzee asiye na miguu, aliyewalisha wanyonge kamba kwa senti hamsini. Nikaapa pesa nitaitoa mfukoni mwangu, bibi asijue. Lakini nikakumbuka.

"Umesema bado amesimama."

"Wima! Watu wa kwanza kabisa kuwa na simu mji huu ni kwake. Mwaka 1907. Na unajua namba ilikuwa ngapi? Moja! Namba nzima: moja."

1907. Ile hesabu niliyoisukuma pembeni ikarudi na wenzake.

"Kaka," nikasema polepole, "huyu mtu alizaliwa lini?"

"Mtu gani?"

"Sal Sagev."

"1906. Bwana mmoja, John Miller, alinunua kiwanja kwenye mnada wa reli mwaka 1905, dola 1,750. Wakati anasubiri kumjenga, alikuwa hema."

"Alikuwa nani?"

"Hema. Turubai. Watu wanalala ndani." Akakata kona, akasimama. "Huyu hapa."

Nilishusha kioo. Nje palikuwa na jengo la ghorofa kadhaa, taa mwili mzima, mlango unatema kiyoyozi na kelele za mashine. Nilikaa ndani ya teksi kwa muda ambao mita iliuhesabu kwa uangalifu mkubwa.

Nilipomweleza, Mhabeshi hakucheka. Alizima injini kwanza, ndipo akacheka, paji la uso juu ya usukani, mpaka honi ikalia yenyewe.

Nikateremka, maana sikuwa na pengine pa kwenda. Barabara ya Fremont pale haipiti magari. Tangu 1995 wameifunika dari kubwa la taa, na juu yako watu wanapita wakining'inia kwenye waya kama nguo zilizoanikwa. Chini kuna wasanii waliovaa mavazi ya ajabu, wanapigwa picha na watalii kwa tipu. Mimi hilo sikulijua. Nimesimama na kanzu nyeupe, kofia, kikapu mkononi, nalitazama jengo kama mtu aliyefiwa. Mama mmoja akaja, akanikumbatia kiuno, mumewe akapiga picha, na kabla sijasema neno akatumbukiza dola moja juu ya halua.

Saa tatu usiku kwangu ni saa moja asubuhi Tanga. Simu ikaita, video, uso wa bibi umejaa kioo kizima, pua mbele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Kalipa?"

Hapa nikiri udhaifu wangu. Nilisema, "Nimepata dola moja."

"Shilingi ngapi hiyo?"

"Elfu mbili na mia tano hivi."

"Riba hiyo! Toa mia mbili yangu, zilizobaki mrudishie. Hebu nipe huyo Sali nimsalimie."

Nikageuza simu kulielekea jengo. Bibi akaliangalia sana.

"Yuko dirisha gani?"

Ikabidi niseme. Sali si baharia, si mzee, hana miguu kwa sababu hajawahi kuwa nayo. Sali ni nyumba. Bibi akanyamaza, kisha akataka nimwoneshe lile ganda. Miaka yote babu ndiye aliyemsomea. Yeye amesoma msahafu tangu utotoni, na hizi herufi za kizungu alizipata ukubwani, elimu ya watu wazima, kwa hiyo hadi leo jicho lake likishtuliwa huanzia kulia. Nikalisogeza. Nikamwona anafumba jicho moja.

"Ve… ga… si," akasoma. "La… si." Akarudia. "Vegasi, Lasi. Wewe! Si ndipo hapo ulipo?"

Niliangalia. SAL ni LAS. SAGEV ni VEGAS. Lilikuwa limeandikwa kinyume, na chini yake, kwenye ganda hilohilo, mji wenyewe umeandikwa sawasawa. Na mimi nimekulia kwenye baraza ya bibi huyo nikiongea kinyume kutwa, sukari ni risuka, pesa ni sape, mpaka ananifukuza na mwiko. Neno moja lililotushinda kulipindua lilikuwa bibi. Hata ukilipindua hubaki bibi.

"Basi hiyo nyumba ni ya nini?" akauliza.

"Hoteli, bibi. Hiki kiberiti baharia yeyote angeweza kukitupa chini pale bandarini."

"Hoteli tu?"

"Na… kuna na kamari."

"Rudia."

"Kamari, bibi."

Hakusema kitu. Nyuma yake jogoo akawika, mtu akafungua bomba. Kisha akasema taratibu, kama anayehesabu marobota:

"Babu yako alikuwa akichelewa kila mwisho wa mwezi. Ananiambia matishari. Matishari yamekwama."

"Bibi, labda…"

"Na karata alizokuwa nazo mfukoni, aliniambia kamshikia mtu."

Mhabeshi alikuwa keshakuja kusimama kando yangu. Nilimpa kikapu, akaanza kumega halua.

"Kesho Ijumaa," bibi akasema, anajifunga khanga upya. "Nilikuwa niende kaburini nikamsomee Yasini. Kusoma nitamsomea. Lakini kwanza ana maswali."

Akakata simu.