Nyungo Mbili Miguuni

Mimi ni mzaliwa wa Mafinga, na mtu aliyekulia jirani na shamba la miti la Sao Hill haoni sababu ya kuongozwa na yeyote kwenda kutazama paina. Kwa hiyo dada yangu, anayeishi Albany katika jimbo la New York, aliponiandikisha Januari ile pamoja na binti yake wa miaka minane kwenye matembezi ya hifadhi ya Albany Pine Bush, nilikwenda kwa moyo wa mkaguzi wa shule.

Tulianza kwa kufungiwa viatu vya theluji, ambavyo ni kama nyungo mbili nyembamba zinazofungwa chini ya mabuti ili mtu asizame. Mama mpole aliyetuongoza alitoa maagizo matatu. Mawili niliyasikia: tanua miguu kidogo unapotembea, na usikanyage ungo mmoja kwa mwingine. La tatu lilinipita, kwani wakati huo nilikuwa nikimweleza bwana aliyesimama kando yangu jinsi Sao Hill ilivyo kubwa.

Nakiri kwamba msitu wenyewe nilianza kwa kuudharau. Paina za kwetu hupangwa mistari kama wanafunzi wa gwaride, zimenyooka, zinangoja kuwa mbao; hizi zilikuwa zimepinda, kila moja kwa namna yake, juu ya vilima vya mchanga vilivyofunikwa na theluji, na kati yake vilijaa vichaka vya mialoni mifupi. Mama yule alisema kwamba mchanga huo uliachwa na ziwa la kale la barafu iliyoyeyuka, kisha upepo ukaurundika. Alitueleza pia kuhusu kipepeo mdogo wa buluu, aliyepewa jina na mwandishi Vladimir Nabokov, na ambaye tangu mwaka 1992 serikali ya Marekani imemweka kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Viwavi wake hula majani ya mmea mmoja tu, lupini, na mayai yake hupitisha baridi yote chini ya theluji. Kisha akasema jambo lililonishtua zaidi: msitu ule huchomwa moto makusudi, kwa mpango, kwa sababu bila moto miti mingine huuvamia na kuusonga, ilhali paina hizo zina gome nene na hata zikiungua huchipua tena kwenye shina. Huko nilikotoka, mtu akionekana na kiberiti karibu na paina, mwenyekiti wa kijiji hana usingizi.

Nikaona ni wajibu wangu kuwaelimisha wenzangu. Niliwaambia kwamba paina halisi huitazami ila kofia idondoke, nikainua uso, nikanyoosha mkono juu, na ili wapate picha kamili ya urefu huo, nikarudi nyuma hatua moja.

Agizo la tatu, kama nilivyokuja kujua, lilikuwa kwamba kwa viatu vile mtu harudi kinyumenyume. Mkia wa ungo ulijichimbia kwenye theluji, nami nikaenda chali, mkono ukiwa bado unaonyesha urefu wa paina za Mafinga. Kila nilipoegemea mkono ili niinuke, ulizama hadi kwenye kiwiko, na nyungo mbili zilikuwa juu zikipepea kama zinapepeta hewa.

"Mjomba," mpwa wangu alisema kwa Kiswahili, nikashukuru kwa hilo, "umelalia mayai ya vipepeo!"

Kwa muda nilijiona nimesimama mbele ya hakimu wa Marekani. Mama yule, baada ya kutafsiriwa, alinihakikishia kwamba pale palikuwa na mialoni tu, kisha watu watatu wakaninyanyua.

Njia ilikuwa ya mzunguko, na tuliporudi tulikuta kundi la pili limelizingira shimo langu. Wao walikuwa wakijifunza kusoma nyayo za wanyama. Bwana mmoja alikisia kwamba ni dubu. Kiongozi wao akamjibu kwamba dubu majira hayo wamelala, akainama apime upana wa alama ile kwa viganja, akakiri kwamba mnyama huyo alikuwa mzito na alihangaika sana kabla ya kuondoka. Nilikuwa nimekwisha kuvuta kofia hadi kwenye nyusi na kuanza kupita taratibu kando, lakini mpwa wangu alikuwa tayari amenyoosha kidole, kama anavyofundishwa darasani, akisubiri kuruhusiwa kujibu.