Eti Nimetoka Kula Raha Guangzhou

Leo asubuhi, hata mswaki sijapiga, jirani kanisimamisha getini: "Mzee, umetoka kula raha China, na sisi hata pipi hatujaiona!" Raha! Mtu aliyemsindikiza mkewe kufuata mzigo wa viatu unamwambia raha? Kule Xiaobei, mtaa wa Guangzhou wanakojaa wafanyabiashara wa Kiafrika, ukikutana na mume mwenzio wa Kariakoo hamsalimiani, mnatazamana tu, kila mtu na mabegi yake.

Na mimi niliambiwa tunakwenda kupumzika. Kumbe mapumziko yenyewe yamepangwa sambamba na yale maonyesho yao makubwa ya biashara, ya kila Aprili na Oktoba tangu 1957, vyumba vya hoteli havishikiki. Treni ya chini ya ardhi sitaki hata kuizungumzia. Mtoto wa Mbagala mzima nikakosa mbinu. Mnara wa Canton, mita 600 kwenda juu, nimeuona nikiwa na bunda la ndala kichwani. Nikasema tupande. Mama Rehema akauliza, "Kiingilio chake ni pea ngapi?"

Sasa nisikilizeni habari ya kiazi.

Karibu na kituo cha treni palikuwa na bibi mmoja na pipa lake la mkaa, viazi vitamu vimepangwa juu, maganda yamepasuka na utamu unachuruzika. Nikachagua changu. Nikatoa noti nyekundu ya yuan 100, Mao mwenyewe ananitazama, nikaikabidhi kwa mikono miwili kama mtu aliyelelewa. Bibi akaiangalia, akaniangalia, akatikisa kichwa, kisha akanyanyua kadi iliyoning'inia shingoni mwake: vile vimraba vyeusi na vyeupe vya kuskani.

Mimi natoka nchi ambayo hata muuza mihogo ana lipa namba, vimraba vinitishe? Nikachomoa simu kwa madaha. Programu ikataka nijisajili, nikajisajili. Ikataka pasipoti, nikaipiga picha. Ikataka uso. Geuka kushoto, geuka kulia, fumba macho, fumbua, foleni nzima nyuma yangu inashangaa jibaba linaikonyeza simu. Mwisho ikanijulisha kwamba namba ya siri imetumwa kwenye laini yangu ya nyumbani. Laini ya nyumbani iko kabatini Mbagala, ndani ya kikombe, maana kuna mtu alisema tusibebe vitu vya kupotea.

Bibi wa watu akapekua mifuko yote, chenji hana. Hapo mtoto wa shule, begi linamfika magotini, akapenya chini ya kwapa langu, akaelekeza simu yake, tii! Akaondoka na kiazi. Kiazi changu! Ubalozi wote ukanitoka. Nikapaza sauti katikati ya Guangzhou: "Wewe mtoto, hata shikamoo hakuna?"

Bibi alicheka mpaka akashika kiuno, akanikatia kipande cha bure. Ndipo Mama Rehema akatokea: "Baba Rehema! Ndiyo umeanza kuombaomba?"

Jamani, pesa si pesa? Imechapishwa na benki yao wenyewe, ina picha ya mzee wao wenyewe, halafu mtu anayo mfukoni na anakufa njaa mbele ya kiazi! Mgahawani nako, ukiomba maji yanakuja ya moto. Jasho linakutiririka, na maji ya moto.

Kabla ya kuondoka nikagoma, Mama Rehema akanipeleka Shawan, kule Panyu, kusini mwa jiji. Hapo kweli nilipumua. Vichochoro vimetulia, wazee wamekaa vizingitini. Wanamimina maziwa ya nyati ya moto juu ya maji ya tangawizi, hawakorogi, unasubiri kidogo yanaganda yenyewe mpaka kijiko kinakaa juu bila kuzama. Mama Rehema akaonja, akafumba macho, nikasema leo amelainika. Akauliza, "Haya bila friji yanakaa siku ngapi?"

Lakini kilichonisimamisha mimi ni kuta. Nyumba za kale za pale zimejengwa kwa magamba ya chaza, yamepangwa safu kwa safu, makali yanatazama nje. Takataka za baharini hizo, na ukuta umewazika waliojenga! Sisi pwani hii tulichoma matumbawe tukapata chokaa, leo kila kitu saruji, na bei ya saruji mnaijua. Msingi wetu wa Chanika umeota nyasi, kuna mtu kafunga mbuzi wake pale, fundi alichukua hela ya nondo tangu kabla ya safari. Simu inaita tu, hapokei.