Bei ya chini ikisomwa, tuulize imetokea wapi

Juzi nimepita tena kwenye lile jengo la madarasa. Kuta zimefika usawa wa linta, nondo zimechomoza zikiwa na kutu, majani yameota ndani ya vyumba. Mkandarasi kaingia mitini zamani. Nilisimama pale na uchungu, maana siku ya kufungua zabuni nilikuwepo, nikiisaidia kamati kama mkadiriaji majenzi.

Bahasha zilifunguliwa moja moja mbele ya wazabuni, bei zikasomwa kwa sauti. Nne za kwanza zilikaribiana. Ya tano ikawa chini kwa karibu theluthi moja. Chumba kikanyamaza, kisha waliokaa upande wa mwenye mradi wakaanza kutabasamu. Mimi tumbo lilinikata. Saruji na nondo wote watano wananunua soko lilelile. Theluthi nzima imetokea wapi?

Jibu lilikuwa mlemle kwenye mchanganuo wake wa bei. Kuchimba msingi na kumwaga zege la chini aliweka bei kubwa kuliko wenzake wote. Kupaua, lipu, milango na madirisha, akaweka bei isiyotosha hata vifaa. Mkandarasi hulipwa kadiri kazi inavyokwenda, maana yake hati za malipo za mwanzo zinakuwa nono, anavuna mapema, na jengo likishapanda, kila siku anayobaki saiti ni hasara kwake. Hapo ama ataanza kudai kazi za ziada, ama ataondoka.

Nililisema hilo wakati wa tathmini. Nikajibiwa kwamba tukimkataa mwenye bei ya chini, wakaguzi watatuuliza. Ugonjwa wenyewe ndio huo! Kumkataa kunadai maelezo ya kurasa kadhaa. Kumpa kazi hakudai hata mstari. Mtu anayelinda kiti chake atafuata njia ipi?

Na dawa ipo. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014 yanamtaka mnunuzi wa umma adai maelezo bei inapoonekana kuwa ya chini kupita kawaida. Kanuni za ununuzi za Benki ya Dunia za 2016 nazo zinataka mzabuni wa namna hiyo aandikiwe aeleze bei zake, na asiporidhisha akataliwe. Bei zikiwa zimelundikwa kwenye kazi za mwanzo, dhamana ya utekelezaji, yaani ahadi ya benki kumlipa mwenye mradi mkandarasi akishindwa kazi, inaweza kuongezwa kwa gharama ya mzabuni mwenyewe. Barua moja tu ingetosha: tuonyeshe bei ya kupaua umeipataje.

Haya, nakubali wapo wenye bei ya chini iliyo ya haki, kwa mfano mwenye mitambo yake asiyekodi. Huyo barua haitamsumbua. Wala sitaki turudi kwenye kupeana kazi bila ushindani, huko ni kubaya zaidi. Wazabuni wanaopangiana zamu wanaharibu, na malipo yanayocheleweshwa yanawaua wakandarasi waaminifu. Lakini jengo hili halikukwama kwa hayo.

Sasa kazi iliyobaki imetangazwa upya. Nimezisoma nyaraka mara mbili. Kigezo cha ushindi ni kilekile, bei ya chini kuliko zote, na hakuna popote mzabuni anapotakiwa kuieleza. Muda wa kuomba ufafanuzi haujaisha. Barua yangu nimeipeleka leo asubuhi.