Watu wetu wako getini

Tukikutana Waswahili wa huku Ulaya na maongezi yakafika kwenye uzazi, lazima mmoja aseme: wazungu wanazaa wapweke, kwetu mzazi ana watu. Watu wengine huitikia kwa kichwa. Mimi siku hizi naitikia nusu. Tangu nimsindikize rafiki yangu kujifungua mtoto wake wa kwanza hapa Uholanzi, naona kauli hiyo inaruka zile saa za uchungu wenyewe.

Viza ya mama yake haikutoka na mumewe yuko baharini, anafanya kazi melini, kwa hiyo nikawa dada, shangazi na mama. Mkunga hakuniuliza undugu wetu. Alinionyesha namna ya kumkanda kiuno kwa kiganja uchungu ukipanda, akaniambia nisitoke. Nikawemo tangu njia ilipokuwa sentimita nne hadi kondo la nyuma lilipotoka. Kuna wakati rafiki yangu alisema hawezi tena, anataka kurudi nyumbani. Mkunga alizima taa kubwa, akamsaidia kupiga magoti kitandani, akasubiri. Hakuna aliyemuuliza kama wakati wa kuipata mimba alilia hivyo. Mliojifungulia kwetu mnajua ninachosema.

Kwetu Tanzania mjamzito anafika na beseni lake: kanga, pamba, glovu, mpira wa kulalia, kibanio cha kitovu. Anaingia leba, mlango unafungwa. Sisi tunabaki kwenye benchi na chupa ya chai, tukimdaka kila muuguzi anayepita, "samahani dada, wa kwetu amefikia wapi?" Watu tunao, tena wengi, ila wako getini.

Siwalaumu wauguzi kwa hilo. Leba nyingi za serikali vitanda vimepangwa ubavu kwa ubavu, na pazia ni la kubahatisha. Ukimruhusu mama mkwe wa huyu aingie, umemvua nguo binti wa yule. Muuguzi mwenyewe anahudumia wanawake kadhaa kwa pamoja, kelele za ndugu hazihitaji. Ndiyo maana simwelewi anayesema ni utamaduni wetu mwanamke kuzaa bila ndugu. Utamaduni gani? Bibi zetu walizalishwa wakiwa wamezungukwa na mama, shangazi na mkunga wa jadi. Kilichowatoa ndugu ni jengo.

Na faida ya kuwa na mtu si ya kumtuliza mama tu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018 kuhusu huduma wakati wa kujifungua, linapendekeza kila mwanamke awe na msindikizaji anayemtaka mwenyewe, maana utafiti unaonyesha wenye mtu wa karibu muda wote huelekea kupata uchungu mfupi zaidi na upasuaji pungufu. Wala si jambo la Ulaya peke yake: Kigoma lilijaribiwa kwenye vituo vya serikali.

Kuhusu kuzalia nyumbani, ambako Uholanzi inasifika, naomba tusidanganyane. Mwaka 1965 karibu theluthi mbili ya watoto wa hapa walizaliwa nyumbani. Leo ni wachache zaidi, ingawa bado ni wengi kuliko nchi nyingi tajiri. Lakini ni kwa mimba isiyo na dalili za hatari, mkunga mwenye leseni yuko chumbani, na ambulensi inafika haraka mambo yakigeuka. Na kwa uzazi wa kwanza mambo hugeuka mara nyingi, wengi huishia kuhamishiwa hospitali. Anayetaka kulinganisha hilo na kuzalia kijijini ambako gari linasubiriwa mpaka asubuhi, asinitumie mimi kama shahidi.

Baada ya kujifungua ndipo Uholanzi ilinichanganya kweli. Bima inaleta mhudumu nyumbani kwa siku kama nane. Anampima mama joto, anakagua nyuzi na damu inayotoka, anampima mtoto uzito, anafundisha kunyonyesha, kisha anasafisha choo na kupokea wageni (wanaokuja kwa miadi, na wanapewa biskuti ngumu zenye punje za anisi zilizopakwa sukari). Kitanda cha mzazi lazima kiinuliwe juu ya vigogo ili mhudumu asiumie mgongo! Nilicheka, baadaye nikaona ni busara.

Halafu siku zinaisha, mhudumu anaaga, na rafiki yangu anabaki na kichanga ghorofani. Hapo arobaini yetu naililia: uji wa pilipili manga, mtori, maji ya moto, na mtu wa kumshika mtoto mama alale. Ila shangazi zetu hawapimi presha, na damu ikizidi wanaweza kuiita ya kawaida. Ningepewa kuchagua, ningewaweka wote wawili nyumba moja, yule mhudumu na shangazi.

Kwa hiyo, kituo kipya cha afya kikizinduliwa na picha zikaanza kuzunguka, mimi naangalia kama leba ina kuta kati ya vitanda. Kuta zikiwepo, sababu ya kumzuia msindikizaji imekwisha. Na wenye binti au mdogo wao anayekaribia kujifungua, waulizeni mapema, kwenye kliniki, kama msindikizaji anaruhusiwa. Vituo vinavyoruhusu vipo, na ni rahisi zaidi kuuliza mimba ikiwa na miezi saba kuliko usiku wa uchungu.