Saa ya shangazi haikuwa yake

Shangazi yangu ana picha moja ukutani kwake Majengo, hapa hapa Dodoma, nyeusi na nyeupe, kapiga pozi mkono mmoja kiunoni na mwingine kauleta mbele kabisa ili saa ionekane. Miaka yote nilijua shangazi alikuwa na hela ujanani, mpaka juzi ndo ananiambia mwanangu ile saa ilikuwa ya studio, ukifika unachagua saa, koti, miwani, ukishapigwa unavua anavaa wa nyuma yako kwenye foleni.

Nilicheka aisee. Halafu nikamkumbuka mpiga picha Seydou Keïta wa Mali, maana huyo ndo bingwa wa hayo mambo. Kazaliwa Bamako kama 1921 hivi, darasani hakukaa, alikuwa fundi wa samani kama baba yake, mwaka 1935 mzee mmoja wa ukoo akarudi safari ya Senegal na kakamera ka Kodak akampa dogo. Kusafisha picha alijifunzia kwa Mountaga Dembélé, mpiga picha aliyemtangulia pale mjini. 1948 akafungua studio nyumbani, karibu na stesheni ya treni, na mtu wa Dodoma hapo haitaji maelezo, treni ikishusha watu kuna anayetaka picha ya kutuma kwao waone kafika mjini na kapendeza.

Saa zilikuwepo, kalamu za mfukoni, redio, Vespa, mpaka gari. Pazia la nyuma la kwanza lilikuwa tandiko la kitandani kwake, akawa analibadilisha kila baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo uzeeni akiulizwa hii ya mwaka gani anaangalia pazia tu anakujibu.

Ila kilichomfanya awe msanii kwa maoni yangu ni ubahili, yaani ubahili wa lazima. Kamera yake ilikuwa inatumia negativu (filamu ambayo picha inasafishwa kutoka kwake) kubwa za sentimita 13 kwa 18, ghali, kwa hiyo mteja anapigwa mara moja basi. Hakuna kurudia! Ndo maana kila shingo imegeuzwa kidogo, kila kidole kimewekwa mahali pake, kanga… samahani, kitenge chenye maua juu ya pazia lenye maua na bado sura ndo unaiona kwanza. Sisi tunapiga mia kwa simu tunafuta tisini na tisa na ile iliyobaki nayo macho yamefumba.

Kinachonikera ni hili neno "kugunduliwa", eti Keïta "aligunduliwa" miaka ya tisini. 1991 picha zake zilitundikwa New York bila hata jina lake, 1994 ndo akafanyiwa maonyesho yake mwenyewe Paris. Sasa kagunduliwa na nani, wakati watu wa Bamako walikuwa wanapanga foleni kwake tangu 1948 na muhuri wenye jina lake alikuwa nao?

Basi wiki iliyopita nikaenda kumtafuta mzee aliyempiga shangazi. Yupo, siku hizi anapiga pasipoti saizi tu. Negativu kasema zilichomwa walipohama chumba, kaongea kama anazungumzia magunzi. Nikamuuliza na lile pazia lenye ndege je? Akanipeleka uani, limefunika mifuko ya saruji, bawa moja la ndege bado linaonekana. Nikamwomba nilipige picha.

"Elfu tano," akasema. Nikatoa.