Mawimbi au matriksi: tuanzie wapi?

Jioni, ninapowasaidia wadogo zangu wanafunzi wa Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, barazani mtaani Kamalondo, hapa Lubumbashi, swali ni lile lile: ikiwa njia zote za kuandika mekanika ya kwanta, yaani fizikia ya atomi na chembe ndogo, zinatoa jibu moja, kwa nini tuhangaike na zaidi ya moja?

Ni kweli jibu ni moja. Mwaka 1925 mwanafizikia Heisenberg, pamoja na wenzake Born na Jordan, waliiandika nadharia hii kwa matriksi, yaani majedwali ya namba. Mwaka 1926 Schrödinger alileta mlinganyo wake wa mawimbi, unaoieleza chembe kama wimbi, akaonyesha mwaka huo huo kuwa njia hizo mbili zinakubaliana. Ila kazini hazifanani hata kidogo. Mwanafizikia Pauli alizipata nishati ambazo elektroni ya atomi ya hidrojeni inaweza kuwa nazo kwa matriksi, tena kwa hesabu ngumu kweli. Kwa mawimbi mwanafunzi anafika mapema zaidi. Njia ya Feynman ya 1948, inayojumlisha mapito yote ambayo chembe ingeweza kuyafuata, ni nzuri ajabu, lakini hidrojeni hiyo hiyo haikutatuliwa kwa njia hiyo hadi 1979, na Duru na Kleinert.

Wanaotetea mawimbi wana hoja nzito, hasa katika mji wa shaba. Umeme unapitaje ndani ya waya uliojaa atomi? Mwaka 1928 Bloch alionyesha kuwa atomi zikipangika kwa utaratibu kamili, wimbi la elektroni hupita kati yake bila kuzuiwa. Kijana wa Katanga akilielewa hilo, shaba haiwi tena kitu cha kuchimba na kuuza tu.

Hata hivyo mimi naanzia matriksi. Wimbi linadanganya: mwanafunzi anawaza viwimbi vya bwawa, kumbe wimbi la elektroni mbili linaishi katika nafasi ya vipimo 6, vitatu kwa kila elektroni. Chukua badala yake jaribio la Stern na Gerlach la 1922, ambamo atomi za fedha zilizopitishwa kwenye sumaku ziligawanyika makundi mawili tu, kwa sababu ya spini, sifa ya chembe inayofanana na kujizungusha. Matriksi ya mistari 2 na safu 2 inatosha. Unaandika kwa chaki matriksi ya spini ya wima na ya spini ya ulalo, unazidisha ya kwanza kwa ya pili, kisha ya pili kwa ya kwanza, na majibu yanatofautiana. Hapo mwanafunzi amekigusa kiini cha kwanta, hata umeme ukiwa umekatika mtaa mzima.

Mawimbi nayaleta siku tunapofika kwenye waya wa shaba, kwa sababu hapo matriksi yangu ndogo ya mistari 2 na safu 2 haitoshi.